Kauri Ukutani, Kauri Kinywani

Meno yangu sita ya mbele yamevikwa kauri.
Nalisema mwenyewe, kabla halijasemwa barazani Langoni.

Mimi ni fundi wa lipu. Miaka thelathini
nachonga zidaka za majumba ya Mkomani,
napachika sahani kwenye chokaa mbichi,
na kauri naijua:
ikipata pa kushika, itamzika aliyeipachika;
ikidanganywa kwa gundi hafifu
utasikia kishindo usiku wa manane
na mke akiuliza kama ni paka.

Kinywani mwangu, lakini, mlikuwa gofu.
Tambuu ilizipaka kuta rangi ya kutu.
Misumari niliyozoea kuibana nikipanda ngazi
ilimega pembe ya jino moja, kisha la pili.
Nikajifunza kucheka na kiganja.
Itazame picha ya harusi ya Khuleita:
bwana arusi meno, kadhi meno,
baba wa bibi arusi masharubu matupu.

Shekuwe akanambia, akikuna nazi, bila kuniangalia:
"Nyumba za watu wazipamba. Yako je?"

Nikaenda Malindi kwa Daktari Umazi,
chumba kimoja juu ya duka la vigae.
Kabla ya yote akaziba mashimo mawili nyuma,
akazitibu fizi mwezi mzima.
"Kauri hupamba," akasema, "haitibu.
Jino bovu litaendelea kuoza nyuma yake, kimya."
Nilimwelewa. Nimeshapaka lipu nyeupe
juu ya boriti iliyoliwa na mchwa. Nilikuwa kijana.

Ilipofika siku ya kukwangua nikamshika mkono:
"Polepole. Ukuta ukikwanguliwa haurudi."
Akacheka. "Hilo ndilo nililotaka kukwambia mimi.
Ukikubali leo, umekubali maisha."
Akatoa unene wa ukucha, basi.

Akaniletea kibao cha weupe kumi na sita.
Nikaunyooshea kidole ule wa kwanza, unaowaka.
Akaninyang'anya.
"Mzee, una miaka hamsini na minane.
Chagua jino, usichague sahani."

Vibamba sita, vyembamba hata mwanga hupenya,
akavibandika kimoja kimoja,
akivimulika kwa taa ya buluu
nami nimeachama kama kisima.

Masharti aliniandikia karatasini.
Karatasi hunipotea; nikayatunga njiani:

*Mswaki uwe laini, uzungushe taratibu,*
*Pitisha uzi kandoni, fizi zisipate tabu,*
*Misumari mfukoni, na tambuu ni adhabu,*
*Nusu mwaka Malindini, rudi utoe hesabu.*

Shekuwe akasikiliza mpaka mwisho.
"Na lile bamba la kulalia?"
Halikuingia kwenye mizani, nikamjibu.
Lakini kila usiku nalivaa, plastiki laini,
maana nasaga meno nikiwaota wadeni wangu.
Asubuhi nalisuuza kwa maji baridi
na kuliweka kwenye kikombe kisicho cha chai.
Mjukuu alishawahi kukosea.

Kahawa sijaiacha. Kauri haishiki doa upesi;
kinachoshika ni ukingo wake, panapokutana na jino,
kama ukingo wa sahani unavyoshika moshi wa taa.
Basi nakunywa, nasukutua, nakunywa tena.
Ubuyu mkavu namwachia mwenye meno ya Mungu.

Na faida? Watu huniuliza, sauti chini.
Maumivu sikuwa nayo, kwa hiyo siwezi kusema nimepona.
Sijawa kijana.
Ila juzi tulikuwa juu ya ngazi, mimi na Famau, mwanagenzi wangu,
nimeshikilia sahani ya buluu yenye ufa
nikingoja chokaa ikaze.
Nikamwona misumari mitatu mdomoni,
anaongea nayo, ananisimulia habari za punda wa mjomba wake
aliyeingia benki.

"Tema," nikamwambia.
Akatema. Akaendelea: punda alipanga foleni.
Nikacheka mpaka ngazi ikatikisika,
na mikono yangu yote miwili
ilikuwa kwenye sahani.